Kuweka Tapeti Injini Inapoundwa Upya

Katika injini nyingi za magari kuna nafasi inayoachwa kwa makusudi kati ya kamshafti na valvu. Injini ikiwa baridi, nafasi hiyo huwa kati ya milimita 0.10 na 0.45 kutegemea muundo wake, na hupimwa kwa vibanzi vyembamba vya chuma viitwavyo fila. Kuipima na kuirekebisha ndiko kuweka tapeti. Injini inaposhushwa na kufunguliwa yote, kazi hii huja mwishoni, baada ya pistoni, ringi, beringi na silinda hedi kurudi mahali pake, wakati ambao mwenye gari amekwisha kupiga simu mara kadhaa kuuliza gari litatoka lini. Ndiyo maana mara nyingi hufanywa kwa haraka, na ndiyo maana injini iliyokula pesa nyingi huweza kuunguza valvu kabla haijamaliza mwaka.

Kila silinda ina valvu ya hewa, inayoingiza hewa au mchanganyiko wa hewa na petroli, na valvu ya moshi, inayotoa mabaki baada ya mlipuko. Injini nyingi za siku hizi zina mbili mbili. Kamshafti huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankshafti. Nundu zake husukuma valvu zifunguke, na springi huzirudisha. Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hufungua kila valvu mara 25 kwa sekunde, na kila mara valvu inapojifunga, uso wake hauna budi kukaa barabara juu ya siti, yaani kikalio chake ndani ya hedi.

Kuzuia kompresheni isivuje ni sehemu tu ya sababu. Kichwa cha valvu ya moshi hufikia nyuzijoto 700 na zaidi, na karibu robo tatu ya joto hilo huondoka kupitia siti, likaingia kwenye hedi na kuchukuliwa na maji ya rejeta. Sehemu iliyobaki hupita kwenye shina na bushi yake. Muda ambao valvu imefungwa ndio muda wake wa kupoa, na valvu isiyofunga sawasawa haipoi.

Hapo ndipo nafasi ya tapeti inapohitajika. Shina la chuma lenye urefu wa milimita 100, likipanda joto kwa nyuzi 400, hurefuka karibu nusu milimita. Kama halikuachiwa pa kurefukia, hugota kwenye roka (mkono unaobonyeza valvu) au kwenye kamshafti, na kichwa cha valvu hubaki kimeinuka kidogo juu ya siti. Gesi ya moto hupenya kwenye mwanya huo kwa kasi na kuula ukingo wa valvu kama gesi ya fundi wa kuchomelea inavyokata bati. Kipande humeguka, na silinda hiyo haina kazi tena.

Nafasi ikizidi, madhara ni ya namna nyingine. Valvu huchelewa kufunguka, huwahi kufunga na hainuki kimo chake chote. Nundu ya kamshafti huchongwa ikiwa na mteremko mdogo mwanzoni na mwishoni ili valvu iguswe na kuachiwa polepole. Nafasi ikiwa kubwa mno mteremko huo haufanyi kazi, chuma hupiga chuma, na ile sauti ya tiki-tiki husikika hadi ndani ya gari. Nguvu hupungua kidogo na vipande huchakaa mapema. Hasara hizi mbili hazilingani. Tapeti iliyolegea huudhi masikio kwa miezi na kumpa dereva nafasi ya kurudi gereji. Tapeti iliyobana haitoi sauti yoyote mpaka valvu iungue. Mwenye gari anayeisifu injini iliyofunguliwa kwa kuwa haisikiki kabisa huenda anasifu kasoro.

Namna ya kurekebisha hutegemea jinsi msukumo wa kamshafti unavyoifikia valvu. Katika injini za zamani kama Land Rover ya lita 2.25 au Peugeot 504, kamshafti iko ndani ya bloku, na msukumo hupanda kwa fimbo ndefu, yaani pushirodi, hadi kwenye roka zilizo juu ya hedi. Kila roka ina skrubu na nati ya kuifungia. Injini za Datsun aina ya L na Toyota 22R zina kamshafti juu ya hedi, lakini bado zina roka na skrubu. Kundi la tatu ndilo lililojaa barabarani leo: nundu ya kamshafti hubonyeza moja kwa moja kikombe cha chuma kilichofunika springi na ncha ya valvu. Hapo hapana skrubu. Nafasi hubadilishwa kwa kubadilisha unene, ama wa kisahani kiitwacho shimu kinachokaa juu ya kikombe, kama katika Toyota 1HZ ya Land Cruiser, ama wa kikombe chenyewe, kama katika 1NZ-FE ya Probox, Vitz na IST. Kundi la nne ni la tapeti za oili, ambazo hujirekebisha zenyewe.

Fundi anayefungua injini hukuta nafasi zilizokuwepo zimevurugika zote, na aliyezivuruga ni yeye mwenyewe pamoja na karakana ya mashine. Siti ikichongwa na uso wa valvu ukisagwa, valvu huzama zaidi ndani ya hedi, na kwa upande wa pili shina lake huchomoza zaidi kuelekea kamshafti. Valvu iliyozama kwa milimita 0.20 huchukua kiasi kama hicho kutoka kwenye nafasi. Kwenye valvu ya hewa ya 1NZ-FE, ambayo kipimo chake ni 0.15 hadi 0.25, kazi hiyo moja inatosha kuimaliza nafasi yote, na hakuna anayeweza kuiona kwa macho. Siti mpya ikiwekwa, mambo huweza kwenda kinyume, kwa kuwa valvu hukaa nje zaidi na nafasi huongezeka.

Uso wa hedi ukichongwa kwa sababu ulipinda kwa joto, matokeo hutofautiana. Katika injini ya pushirodi, hedi hushuka pamoja na roka zake huku fimbo ikibaki na urefu ule ule, kwa hiyo nafasi hupungua. Katika injini yenye kamshafti juu, hedi hushuka na kila kitu chake, na nafasi haiguswi; kinachobadilika ni umbali kati ya kamshafti na krankshafti, hivyo taiming, yaani wakati wa valvu kufunguka na kufunga, huchelewa kidogo. Kamshafti iliyosagwa upya ina mgongo (upande usio na nundu) mwembamba kuliko ule wa mwanzo, na nafasi huongezeka. Fundi anayefunga injini bila kupima tena, akiamini kwamba shimu za zamani zimekaa vizuri miaka yote, hana msingi wowote wa imani hiyo.

Siti huzama hata bila fundi. Petroli ya zamani ilikuwa na risasi, ambayo iliacha utando uliolinda siti za valvu ya moshi. Risasi ilipoondolewa kwenye petroli ya nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, injini za kale zilizokuwa na siti za chuma laini zilianza kuchakaa haraka zaidi, na ndiyo maana zinapofunguliwa hutiwa siti ngumu. Jambo linalofanana na hilo linahusu magari ya Dar es Salaam yaliyofungwa mitambo ya gesi asilia. Gesi huingia kwenye silinda ikiwa kavu, bila matone ya mafuta ya kulainisha na kupoza siti, na katika injini yenye vikombe nafasi huzidi kubana kadiri siti inavyochakaa. Gari la gesi lina haja kubwa zaidi ya kupimwa tapeti kuliko lile la petroli, na injini yake ikifunguliwa ni busara kuweka nafasi za moshi kuelekea upande mkubwa wa kipimo.

Kazi nzuri huanza kabla ya kulegeza bolti ya kwanza. Nafasi zote hupimwa injini ikiwa bado nzima na kuandikwa, kwa sababu valvu iliyobana kupita wenzake inaonyesha siti gani imezama. Wakati wa kufungua, pushirodi, roka, vikombe na shimu huwekwa kwa mpangilio wa namba za silinda. Kikombe na nundu yake vimezoeana kwa kusuguana, na kukirudisha pasipo pake huanzisha uchakavu mpya. Gereji inayomimina vikombe vyote kwenye beseni moja la dizeli imekwisha kuharibu sehemu ya kazi.

Karakana ikirudisha hedi, fundi makini huangalia kwanza urefu wa mashina yaliyochomoza. Kama shina moja limepanda mno, ncha yake husagwa kidogo kwa mashine ya kusagia valvu inayolishika wima. Hapa kuna desturi inayostahili kulaumiwa waziwazi: kusaga ncha kwa grainda ya mkono ili kuokoa bei ya kikombe. Ncha hutoka imeinama, shina husukumwa upande na kuila bushi. Zaidi ya hayo, ugumu wa ncha uko kwenye tabaka la juu tu, na likishaondolewa, chuma laini kilichobaki hupondeka. Katika injini ya dizeli kuna mpaka mwingine. Valvu ikizama kupita kiwango cha kitabu cha injini, nafasi ya hewa juu ya pistoni huongezeka, kompresheni hushuka, na gari huwa gumu kuwaka asubuhi. Hapo dawa ni siti mpya au hedi nyingine.

Valvu hupimwa ikiwa imefungwa kabisa, nundu yake ikiangalia upande mwingine. Kwenye injini yenye vikombe hilo huonekana wazi mara kifuniko kinapoondolewa. Kwenye injini ya pushirodi nundu hazionekani, na mafundi wana njia za kukumbuka. Land Rover ya lita 2.25 ina valvu 8 zilizopangwa moshi, hewa, hewa, moshi, kisha vivyo hivyo tena. Hesabu yake ni tisa. Valvu ya 1 ikiwa imefunguka yote, hupimwa ya 8. Ikifunguka ya 3, hupimwa ya 6. Peugeot 504 ina utaratibu wake: valvu ya moshi ya silinda ya 1 ikifunguka yote, hurekebishwa ya hewa ya silinda ya 3 na ya moshi ya silinda ya 4, kisha mzunguko hufuata mpangilio wa kuwaka wa 1, 3, 4, 2. Krankshafti huzungushwa kwa spana kwenye bolti ya puli, kwa mkono, na kwa mwelekeo inaozungukia injini. Plagi zikiwa zimetolewa kazi huwa nyepesi.

Fila hupitishwa kwenye nafasi ikiwa imelala sawasawa. Ile ya kipimo sahihi hupita kwa kukwaruza kidogo; ile iliyo nene zaidi kwa 0.05 haipiti. Anayeanza kazi hukosea kwa kulazimisha. Kwenye roka za skrubu, nati hulegezwa, skrubu huzungushwa mpaka fila ishikwe kidogo, kisha nati hukazwa huku skrubu ikizuiwa kwa bisibisi. Halafu hupimwa tena, kwa sababu kukaza nati karibu kila mara huivuta skrubu. Kama sehemu ya roka inayogusa valvu imeliwa na kufanya kishimo, fila iliyonyooka hukaa juu ya kingo za kishimo na kutoa jibu la uongo: nafasi halisi ni kubwa kuliko inayosomwa, na injini huendelea kugonga hata ikiwekwa mara ngapi. Roka ya namna hiyo husagwa upya au hutupwa.

Kwenye shimu na vikombe kazi ni ya hesabu na maikromita. Unene mpya ni unene wa zamani, kuongeza nafasi iliyopimwa, kutoa nafasi inayotakiwa. Tuchukue valvu ya moshi ya 1HZ, ambayo kipimo chake injini ikiwa baridi ni 0.35 hadi 0.45. Ikipimwa 0.22 na shimu yake ikiwa na unene wa 2.65, basi 2.65 na 0.22 ni 2.87, ukitoa 0.40 hubaki 2.47. Shimu ya 2.45 itaacha nafasi ya 0.42, na hiyo inafaa. Faida ya 1HZ ni kwamba kikombe kinaweza kubonyezwa kwa kifaa maalumu na shimu ikachomolewa bila kutoa kamshafti.

1NZ-FE haina msamaha huo. Vikombe vyake hutengenezwa kwa saizi 35, kuanzia milimita 5.06 hadi 5.74, zikipishana kwa 0.02, na ili kubadilisha kimoja ni lazima kamshafti itoke. Valvu ya moshi iliyopimwa 0.12 ikiwa na kikombe cha 5.42 inahitaji cha 5.24 ili kufikia 0.30, ambayo ni katikati ya kipimo chake cha 0.25 hadi 0.35. Kwa valvu 16 hilo ni zoezi refu, na vikombe vipya si rahisi. Ndipo fundi mwenye subira hupima vyote 16, akaandika jedwali, akaona ni vipi vinavyoweza kubadilishana mahali ili vinunuliwe vichache tu. Kubadilishana huko hukubalika pale tu ambapo nyuso za vikombe na nundu hazina mikwaruzo.

Suala la injini baridi au moto huzua ubishi usio na sababu, kwani jibu limo kwenye kitabu cha injini husika. Wengi hudhani joto hupunguza nafasi siku zote. Katika injini yenye hedi ya aluminiamu, hedi hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida na kuinua kamshafti mbali na valvu, hata nafasi ikaongezeka. Datsun 1600 SSS, iliyoshinda mashindano ya Safari Afrika Mashariki mwaka 1970, ilipewa vipimo viwili: 0.20 kwa hewa na 0.25 kwa moshi ikiwa baridi, 0.25 na 0.30 ikiwa moto. Fundi aliyeiweka 0.25 na 0.30 ikiwa baridi alipata injini yenye kelele, wala hakuiua. Peugeot 504 hutaka 0.10 kwa hewa na 0.25 kwa moshi ikiwa baridi. Land Rover ya lita 2.25 hutaka 0.25 kwa zote. Tofauti hizi zinatosha kuonyesha kwamba kipimo kimoja cha kichwani kwa magari yote ni hatari, hata kama anayekitumia ana mvi.

Tapeti za oili zilitumika katika Cadillac ya silinda 16 tangu 1930 ili kuondoa kelele na kazi ya kupima. Ndani ya kila tapeti kuna pistoni ndogo inayoinuliwa na shinikizo la oili mpaka nafasi iishe. Zinapofunguliwa husafishwa kwa uangalifu mkubwa, maana chembe moja ya mchanga huzikwamisha, kisha hujazwa oili kabla ya kufungwa. Zikigonga kwa dakika chache za kwanza, zinatoa hewa iliyobaki ndani. Zikiendelea, ama oili haifiki ama kipande kimekwama. Lakini hazirekebishi kosa lolote la karakana: pistoni ya kila tapeti ina mwendo wenye mwisho, na valvu iliyozama mno huweza kuimaliza nafasi hiyo yote.

Baada ya kila valvu kuwekwa na cheni au mkanda wa taiming kufungwa, krankshafti huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikikwama mahali, isilazimishwe. Huenda valvu inagusa pistoni kwa sababu taiming imeruka jino. Ikizunguka vizuri, alama za taiming na nafasi zote hupimwa kwa mara ya pili. Injini za pushirodi zenye kamshafti mpya huhitaji pia tapeti mpya, yaani vipande vinavyokaa kati ya nundu na pushirodi, na grisi ya kufungia kwenye nundu. Zikishawaka hushikiliwa kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika 20 bila kuachwa zingurume taratibu, kwa kuwa nundu hupata oili inayorushwa na krankshafti, na mwendo mdogo haurushi ya kutosha. Nundu nyingi mpya huharibika katika dakika hizo za kwanza.

Gasketi ya hedi hubonyea baada ya joto kadhaa. Katika injini za zamani bolti za hedi hukazwa tena baada ya kilomita mia kadhaa, na kukaza huko hubadilisha nafasi, kwa hiyo tapeti huwekwa upya siku hiyo hiyo. Injini za kisasa zenye bolti zinazonyooshwa hazikazwi mara ya pili. Kwa injini ya aina yoyote isiyo na tapeti za oili, kupima baada ya kilomita 1,000 za kwanza ni gharama ndogo ukilinganisha na kushusha hedi tena. Dalili za kubana ni injini kutetemeka inapongurumia mahali pamoja, kuwa ngumu kuwaka ikiwa moto, na kompresheni ya silinda moja kuwa chini kuliko nyingine. Zikitokea, gari lisiendeshwe safari ndefu kabla ya kupimwa.

Mwenye gari anayechukua injini iliyoundwa upya aombe karatasi yenye nafasi ya kila valvu, namba kwa namba, pamoja na kipimo cha kitabu kando yake. Fundi aliyepima anayo tayari, na asiyeweza kuitoa arudishe fila kwenye injini kabla ya kulipwa.